Mwongozo kamili: Kusoma picha ya Karolo Mkuu na kuiandikia maelezo sahihi

Walimu wa historia na vijana wanaoandaa slaidi, makala na video hunitumia kazi zao niziangalie kabla hazijatoka. Zikifika kwa Wafranki, watu waliotawala sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi chini ya mfalme wao Karolo Mkuu (Charlemagne), kosa ni lilelile. Picha ni ya mzee mwenye nywele ndefu na ndevu, taji la vito kichwani, upanga mkono mmoja na tufe la dhahabu mkono mwingine. Chini yake pameandikwa: "Kaisari Karolo Mkuu, mwaka 800."

Picha hiyo ni ya Albrecht Dürer, mchoraji wa Nürnberg, Ujerumani, na aliichora kati ya 1511 na 1513. Karolo alifariki mwaka 814. Dürer alimchora mtu aliyekwisha kuzikwa karibu miaka 700.

Sitasimulia hapa vita vya Karolo wala ukoo wake. Nitakuonyesha namna ya kuchukua picha yoyote inayodaiwa kuwa yake, ukajua ilitengenezwa lini, nani aliiagiza na alitaka nini, kisha ukaiandikia maelezo ambayo mwanafunzi wako hatalazimika kuyafuta baadaye. Fuata mpangilio wa hatua kama ulivyo. Wengi huanza na uso, na hapo ndipo wanapopotea.

## Vitu vya kuandaa

- Picha nzima yenye ubora mkubwa. Iwe na fremu yake, kingo zake na maandishi yake yote. Picha iliyokatwa ikabaki uso tu haitakusaidia.
- Ukurasa wa makumbusho, kanisa au maktaba inayotunza kazi yenyewe. Nakala zilizosambaa mitandaoni hazitoshi.
- Karatasi ya tarehe. Ziandike kwa mkono uzibandike mezani: 768, Karolo anakuwa mfalme wa Wafranki; 25 Desemba 800, Papa Leo III anamvika taji la kaisari mjini Roma; 28 Januari 814, anafariki Aachen; karibu 1100, utenzi wa Roland (shairi refu la vita kuhusu Roland, mpiganaji wa Karolo) unaenea Ufaransa; 1165, anatangazwa mtakatifu; 1215, mifupa yake inawekwa katika sanduku jipya la dhahabu na fedha; 1424, taji na vyombo vya kifalme vya Dola Takatifu la Kiroma (dola la makaisari wa Ujerumani) vinapelekwa Nürnberg.
- Maelezo ya Einhard. Huyu aliishi kwenye kasri la Karolo, akaandika wasifu wake baada ya kifo chake. Anasema alikuwa na mwili mkubwa na mrefu, utosi wa mviringo, macho makubwa yenye uhai, pua iliyozidi urefu kidogo, mvi za kupendeza, uso wa bashasha, shingo nene na fupi, tumbo lililotokeza, na sauti nyembamba kuliko mwili wake. Kuhusu ndevu hasemi kitu. Kumbuka hilo, tutalihitaji.
- Daftari lenye safu mbili: "ninachokiona" na "ninachokijua". Usizichanganye.

Kwa picha ya kwanza tenga saa nzima. Ukishazoea utakwenda haraka.

## Hatua ya 1: Tafuta kitu chenyewe kabla ya picha yake

Unachokiona kwenye simu ni picha ya kitu fulani: mchoro wa mafuta, sanamu ya shaba, sarafu, mozaiki (picha ya vipande vidogo vya mawe au vioo), dirisha la vioo vya rangi au ukurasa wa kitabu cha ngozi. Unachotakiwa kukifahamu ni kitu hicho.

Tumia huduma ya kutafuta kwa picha. Usisimame kwenye tokeo la kwanza. Endelea hadi ufike kwenye taasisi inayokitunza. Andika mambo matano: aina ya kitu, kimetengenezwa kwa nini, ukubwa wake, kipo mji gani, na kipo kwenye jengo lipi.

Ukubwa una maana kuliko unavyodhani. Sanamu ndogo ya shaba iliyoko makumbusho ya Louvre, Paris, ya mfalme juu ya farasi, huonekana kwenye vitabu kama sanamu ya uwanjani. Kwa kweli ina urefu wa sentimita 25 hivi. Unaweza kuibeba kwa mkono mmoja. Mchoro wa Dürer nao una urefu wa karibu mita 1.9, yaani mtu mzima. Hicho cha kwanza kilitoka kwenye hazina ya kanisa kuu la Metz, waliokiona wakiwa wachache. Cha pili kilichorwa kimjaze mtazamaji macho.

Onyo: Angalia kama unachokitazama ni nakala. Mfano mkubwa upo Roma, kwenye uwanja wa Mtakatifu Yohane wa Laterano. Papa Leo III aliweka mozaiki kwenye ukumbi wake wa karamu, ikimwonyesha Mtume Petro akimkabidhi Papa vazi la uchungaji na Karolo bendera. Mozaiki ya mwanzo imepotea. Inayoonekana leo ukutani ni nakala ya mwaka 1743. Mpangilio wake ni ushahidi mzuri. Umbo la pua ya Karolo ndani yake si ushahidi wa chochote.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kusema sentensi moja kama hii bila kutaja uso: "Ni mchoro wa mafuta kwenye mbao, wa karibu mita 1.9, uko Germanisches Nationalmuseum, Nürnberg."

## Hatua ya 2: Pima umbali wa miaka

Toa 814 kwenye mwaka wa kazi. Kama jibu ni sifuri au chini ya hapo, kazi ilitengenezwa Karolo akiwa hai au mwaka ule aliofariki. Likiwa chini ya miaka 80, bado tuko kwa wajukuu zake. Likizidi hapo, fundi hakumwona, na hakumwona yeyote aliyemwona.

Hesabu hii ni fupi, lakini usiiruke. Kazi za enzi za uhai wake ni chache mno: sarafu, ile mozaiki ya Roma iliyobaki kwa nakala, basi. Hatuna mchoro wa kitabuni uliobaki, wa enzi zake, unaomwonyesha yeye kwa hakika. Kwa hiyo picha yoyote ya rangi, safi na yenye uso unaoeleweka, itilie shaka tangu mwanzo.

## Hatua ya 3: Soma kichwa, kuanzia juu kushuka chini

Sasa unaruhusiwa kutazama uso. Anza na kilicho juu ya nywele.

Duara la nuru. Likiwa la mviringo, fundi anamwona Karolo kuwa mtakatifu. Hilo linakuelekeza kwenye 29 Desemba 1165 au baadaye. Siku hiyo mjini Aachen alitangazwa mtakatifu kwa msukumo wa Kaisari Frederick Barbarossa, kwa idhini ya Paschal III, aliyekuwa antipapa, yaani mtu aliyedai upapa akimpinga papa halali. Kwenye mozaiki ya Laterano, hata hivyo, duara lake ni la pembe nne. Huo ulikuwa mtindo wa Roma wa kumwonyesha mtu aliye hai bado. Ukiona pembe nne usiandike "mtakatifu".

Taji. Hapa ndipo Dürer anapowaponza watu. Taji alilomvika Karolo ni lile lenye vibamba nane, msalaba mbele na utepe wa dhahabu unaopita juu ya kichwa. Taji hilo lipo, na linaonekana leo kwenye kasri la Hofburg mjini Vienna. Vibamba vyake ni vya nusu ya pili ya karne ya 10, na utepe wa juu una jina la Konrad, aliyekuwa kaisari kuanzia 1027. Karolo hakuwahi kulivaa, maana alikuwa kaburini zaidi ya miaka 100 kabla halijatengenezwa. Dürer hakubuni kitu: alilichora taji lenyewe kwa makini, kwa sababu wakati ule lilitunzwa Nürnberg na watu waliamini ni la Karolo.

Kwenye sarafu zake za mwisho, zilizopigwa kati ya 812 na 814 hivi, hana taji kabisa. Ana shada la majani kichwani, kama makaisari wa Roma ya kale.

Ndevu na masharubu. Chukua kioo cha kukuzia, au vuta picha ikae kubwa, utazame ile sarafu ya fedha. Ina upana wa milimita 20 hivi. Kichwa kimeelekea kulia, shingo nene, joho limefungwa begani, na chini ya pua kuna mstari mnene unaoshuka pembeni mwa mdomo: masharubu. Kidevu kiko wazi. Nenda kwenye sanamu ya Louvre: masharubu, kidevu wazi. Nenda kwenye nakala ya Laterano: masharubu tena.

Ndevu nyeupe zinazofika kifuani zimetoka wapi basi? Kwenye utenzi wa Roland, ambamo Karolo ni mzee wa ajabu mwenye ndevu nyeupe anazozivuta akiwa na huzuni. Utenzi huo uliandikwa karibu miaka 300 baada yake, na mafundi waliofuata waliushika. Ukiona ndevu ndefu, andika kwenye safu ya "ninachokijua": huyu ni Karolo wa hadithi.

Usiivute kanuni hii kupita kiasi. Masharubu bila ndevu hayathibitishi kuwa ni Karolo. Wajukuu zake nao walionyeshwa hivyohivyo. Yanakuambia tu kwamba fundi alikuwa karibu na zama zile, au aliifahamu sanaa yake.

Umefanikiwa ikiwa una mistari mitatu daftarini (juu ya nywele, nywele, kidevu) na kila mmoja una karne pembeni yake. Karne zikigongana, chukua iliyo karibu zaidi na sisi. Kitu kimoja cha karne ya 15 kwenye mchoro kinatosha kuuondoa mchoro mzima karne ya 9.

## Hatua ya 4: Nguo na vilivyo mkononi

Einhard ameacha orodha ya mavazi, na ni zawadi kubwa kwetu. Karolo alivaa kama Wafranki wenzake: shati na suruali ya kitani, kanzu yenye mshono wa hariri ukingoni, miguu ikiwa imezungushiwa vitambaa, kizibao cha manyoya wakati wa baridi, joho la buluu, na upanga kiunoni kila wakati. Mavazi ya kigeni hakuyapenda. Mara mbili tu, akiwa Roma, alikubali kuvaa joho refu la Kirumi, mara ya kwanza kwa ombi la Papa Hadriani, ya pili kwa ombi la Leo.

Weka orodha hiyo kando ya picha yako. Mpanda farasi wa Louvre anakaribia: joho limebanwa bega la kulia, miguu imefungwa vizuri. Karolo wa Dürer amevaa mavazi ya sherehe ya makaisari wa baadaye, mazito, yenye dhahabu, yaliyotunzwa pamoja na taji.

Kisha tazama mikono na ngao. Vitu vitatu hukamatisha tarehe haraka:

Nembo za ukoo. Ngao zenye alama za ukoo zilianza Ulaya katika karne ya 12. Karolo hakuwa nayo. Waliokuja baadaye walimtungia moja: nusu tai mweusi wa kaisari, nusu mayungiyungi ya dhahabu ya mfalme wa Ufaransa. Ndiyo alama rahisi kuliko zote ya kumtambua kwenye kundi, hasa kundi la Mashujaa Tisa (wapagani watatu, Wayahudi watatu na Wakristo watatu) lililopendwa kuanzia karne ya 14. Humo Karolo anasimama na Arthur, mfalme wa hadithi za Uingereza, na Godfrey wa Bouillon, kiongozi wa Vita vya Msalaba, upande wa Wakristo, na nguo za wote zinafanana. Bila nembo utamwita Arthur Karolo.

Upanga uitwao Joyeuse, unaodaiwa kuwa wa Karolo. Uko Louvre, na wafalme wa Ufaransa waliutumia wakitawazwa. Vipande vyake ni vya karne mbalimbali, kwa hiyo usiutumie kama ushahidi wa silaha za Karolo. Unauona pia kiunoni mwa Louis XIV katika mchoro mkubwa wa Rigaud wa 1701, na hapo mwenye picha ni Louis.

Jengo la kanisa mkononi. Likiwepo, mtu huyo anatukuzwa kama mjenzi. Kwa Karolo ni kanisa la Aachen, lenye pande nane. Lakini watakatifu na wafalme wengi hushika makanisa. Hesabu pande za jengo kabla ya kusema.

## Hatua ya 5: Soma maandishi, kisha uliza ni Karolo yupi

Hatua hii imewaokoa wengi, na inahitaji Kilatini kidogo sana. Herufi V husomwa U, kwa hiyo KAROLVS ni Karolus. Baada ya jina tafuta cheo.

REX au REGI ni mfalme. IMP ni kaisari, na AVG ni cheo cha heshima cha makaisari wa Roma. Sarafu ile ya fedha ina KAROLVS IMP AVG, kwa hiyo imepigwa baada ya Desemba 800. Mozaiki ya Laterano inamwomba Petro ampe Leo uzima na ampe ushindi Karolo, ambaye humo anaitwa REGI. Bado ni mfalme. Neno hilo moja linaiweka mozaiki ya mwanzo kabla ya Krismasi ya mwaka 800, jambo ambalo nguo na uso visingeweza kukuambia.

Halafu njoo kwenye swali gumu: kina Karolo ni wengi. Babu yake alikuwa Karolo Martel. Mjukuu wake, Karolo Mwenye Upara, naye alikuwa mfalme na baadaye kaisari, kuanzia 875 hadi 877. Mafundi wa huyu mjukuu walikuwa hodari, na vitabu vyake vimebaki. Hivyo picha nyingi nzuri za karne ya 9 zinazopewa jina la Karolo Mkuu ni za mjukuu wake.

Mfano: kitabu cha ibada kilichoko maktaba ya taifa ya Ufaransa, cha karibu mwaka 870, kina mfalme kijana aliyesimama kati ya viongozi wawili wa Kanisa, huku mkono wa Mungu ukishuka na taji. Mara kwa mara huandikwa "Karolo Mkuu". Karolo Mkuu alikuwa amefariki zaidi ya miaka 50 kabla, na kitabu kinahusishwa na mjukuu. Hata mpanda farasi wa Louvre, niliyemtaja mara tatu sasa, wataalamu hawajakubaliana kama ni babu au mjukuu. Ukimtumia, andika majina yote mawili. Huo ndio uaminifu, na wanafunzi huupenda wakielezwa sababu.

Onyo kwa wanaopenda habari za Baghdad. Kuna mchoro wa Julius Köckert wa 1864 unaosambaa sana kwenye kurasa zetu za Kiswahili, kwa sababu unamhusu Harun Rashid, khalifa tuliyemzoea katika hadithi za Abunuwasi. Watu huandika chini yake "Karolo Mkuu na Harun Rashid". Karolo hayumo. Waliosimama mbele ya khalifa ni wajumbe wake. Karolo hakufika Baghdad, na wafalme hao wawili hawakuonana. Kilichosafiri kati yao ni wajumbe na zawadi, pamoja na tembo aitwaye Abul-Abbas aliyefika Aachen mwaka 802. Mchoro wenyewe ni wa karne ya 19, kwa hiyo hata hilo kasri ni la kuwaza.

## Hatua ya 6: Uliza nani aliiagiza, na alitaka nini

Hapa ndipo picha inapofunguka. Hadi sasa umekuwa ukiondoa makosa. Kuanzia hapa unapata maarifa. Picha za Karolo ni hazina kwa sababu kila kizazi cha Ulaya kilichotaka madaraka kilimchora upya, na kwa kumtazama yeye unawaona wao waziwazi.

Jiulize maswali haya kwa mpangilio: Nani alilipa? Alikuwa na jambo gani mwaka ule? Picha iliwekwa wapi, na nani aliiona? Karolo akiwa hivi, nani ananufaika?

Tuyajaribu kwa sanduku la masalia la Aachen. Lilikamilika 1215, na Frederick II, mjukuu wa Barbarossa, aliyetawazwa hapohapo mwaka huo, alipigilia misumari kwa mkono wake. Kwenye masanduku ya aina hii mitume ndio hukaa pembeni. Hapa wamekaa wafalme na makaisari 16, na Frederick mwenyewe yumo. Kwenye uso wa mbele Karolo ameketi katika kiti cha enzi. Kulia na kushoto wamesimama Papa Leo III na Askofu Mkuu Turpin, wote wawili wadogo kuliko yeye. Papa aliyemvika taji amepunguzwa akawa msindikizaji. Ukijua kwamba familia ya Frederick iligombana na mapapa kwa miaka mingi, huhitaji maelezo zaidi: sanduku linasema madaraka ya kaisari hayatoki mkononi mwa Papa.

Sasa geuka uende Vatikano, chumba kimoja katika vile vilivyopambwa na Raphael na wanafunzi wake. Mwaka 1516 hadi 1517 walichora kutawazwa kwa Karolo. Papa Leo III amepewa sura ya Leo X, aliyelipa kazi hiyo. Karolo amepewa sura ya Francis I, mfalme kijana wa Ufaransa, ambaye mwaka 1516 alikuwa ametoka kufanya mapatano na Papa. Ujumbe umegeuka: kaisari anapiga magoti, Papa ndiye anayetoa. Tukio ni lilelile la mwaka 800, na picha mbili zinapingana kabisa juu ya nani mkubwa.

Nürnberg nako fremu ya Dürer inajieleza yenyewe. Maandishi yake ya Kijerumani yanasema hii ndiyo sura ya Kaisari Karolo aliyeiweka dola ya Kirumi chini ya Wajerumani, na kwamba taji na mavazi yake huonyeshwa Nürnberg kila mwaka. Halmashauri ya mji iliagiza mchoro huo kwa ajili ya chumba ambamo vyombo vya kifalme vililala usiku wa kuamkia maonyesho. Mji ulikuwa unajivunia amana yake. Ndiyo maana nakusihi usitumie picha iliyokatwa fremu: ukiikata, unatupa hati ya aliyelipa. Tazama pia pembe za juu: tai wa Ujerumani upande mmoja, mayungiyungi ya Ufaransa upande mwingine. Mataifa yote mawili yalimdai kuwa babu yao, na bado yanamdai.

Ufaransa ilikuwa na njia zake. Jean Fouquet, karibu 1455 hadi 1460, alimchora akitawazwa ndani ya kanisa la kale la Mtakatifu Petro, mavazi yakiwa ya buluu yenye mayungiyungi, kama mfalme wa Ufaransa wa wakati wa Fouquet. Mfalme Charles V wa Ufaransa, aliyetawala 1364 hadi 1380, aliweka kisanamu cha Karolo juu ya fimbo yake ya enzi. Fimbo hiyo ndiyo aliyoishika Napoleon katika mchoro wa Ingres wa 1806. Kuza picha hiyo juu ya fimbo utamwona Karolo mdogo wa dhahabu ameketi. Miaka mitano nyuma, 1801, David alikuwa amemchora Napoleon akivuka Alps juu ya farasi aliyeinua miguu. Chini kwenye mawe, karibu na kona, kuna majina matatu: Bonaparte, Hannibal (jemadari wa kale wa Carthage), na Karolus Magnus, yaani Karolo Mkuu kwa Kilatini. Hapo Karolo hana hata uso, lakini ni picha yake pia, kwa maana anayotaka Napoleon.

Ukitaka mfano wa kuwashikisha wanafunzi mkononi, tafuta karata za Kifaransa. Mfalme wa kopa ameandikwa Charles, na kwa desturi husemwa kuwa ndiye Karolo Mkuu.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kumaliza sentensi hii bila kusita: "Fulani aliagiza kazi hii mwaka fulani kwa sababu alitaka watu waamini kwamba..." Ukikwama kwenye "kwa sababu", rudi usome habari za aliyeagiza. Usirudi kwenye uso wa Karolo. Jibu haliko huko.

## Hatua ya 7: Andika maelezo

Maelezo mazuri yana sehemu nne: kazi na fundi, mwaka wake, mahali ilipo, na jambo moja la kumwongoza mtazamaji. Maneno 30 hadi 50 yanatosha.

Mabaya: "Karolo Mkuu, Kaisari wa Wafranki (768–814)."

Ubaya wake ni kwamba tarehe za mtu zimewekwa mahali pa tarehe za picha. Msomaji atadhani picha ni ya miaka hiyo.

Mazuri: "Karolo Mkuu alivyowaziwa na Albrecht Dürer, 1511–1513. Mchoro wa mafuta, Germanisches Nationalmuseum, Nürnberg. Taji ni la karne ya 10 na 11. Karolo, aliyefariki 814, hakulivaa. Halmashauri ya mji iliagiza mchoro kwa ajili ya chumba cha vyombo vya kifalme."

Neno "alivyowaziwa" ndilo linalobeba kazi yote. Kwa sarafu andika "anavyoonekana kwenye sarafu yake". Kwa kazi yenye utata andika "Karolo Mkuu au mjukuu wake Karolo Mwenye Upara".

Kama slaidi yako inahitaji picha moja tu, na somo ni Karolo mwenyewe, mimi nachagua sarafu. Haipendezi kama Dürer, najua, na vijana watalalamika kuwa haionekani vizuri. Ikuze ijaze ukuta. Ndiyo sura aliyotaka raia wake waishike mkononi, akiwa hai. Kama somo ni namna Ulaya ilivyomkumbuka, weka sanduku la Aachen na mchoro wa Vatikano upande kwa upande, uwaulize wanafunzi Papa yuko wapi katika kila kimoja.

## Kabla hujachapisha

Hakiki haki za picha. Mchoro bapa wa karne ya 16 hauna tena haki ya mchoraji, na makumbusho mengi sasa yanaruhusu nakala zake kutumika bure. Kitu chenye umbo, kama sanamu ya Louvre au sanduku la Aachen, ni suala jingine: aliyekipiga picha alichagua mwanga na upande wa kusimama, na anaweza kuwa na haki juu ya picha yake. Soma masharti yaliyoandikwa kwenye ukurasa wa taasisi, nakili jina la mpiga picha kama limetajwa, na uliweke mwishoni mwa maelezo yako kwa herufi ndogo.

Kisha mpe mtu mwingine asome maelezo bila kuona picha. Muulize: kazi hii ilitengenezwa lini? Akijibu 800, rudi hatua ya 7 uandike upya.